Bandama ya Weldon

Jumatatu, 22 Machi 1993

Kitabu hii nimepewa niandike homa, si maneno ingine. Daktari Ongeri wa hospitali ya misheni amesema kila siku tuandike kama Weldon ameshikwa na homa, kama ametoka jasho usiku mpaka nguo ikaloa, na kila wiki uzito wake. Akauliza nani anajua kuandika. Kemuma, bibi ya Weldon, akasema yeye anajua. Nikasema mimi ndiyo dada yake mkubwa, mimi nilimbeba mgongoni mama yetu alipokufa, na nimesoma mpaka darasa la nne. Kemuma amefika la saba, lakini kitabu niko nayo mimi.

Weldon ni wa mwisho kwetu, miaka ishirini na saba. Mwezi wa kumi alitoka kivimbe kwa shingo, ikakua mpaka ikawa kama yai ya kuku, na haiumi. Wakakata kidogo wakapeleka Nairobi. Jibu imerudi: ni kansa ya matezi, inaitwa Hojikini. Daktari aliniandikia kwa karatasi nisikosee. Kemuma alilia. Mimi sikulia, nilikuwa namwangalia vile analia, mkono kwa mdomo kama mtu anapigwa picha.

Homa iko. Jasho iko. Mvua bado.

23 Machi

Homa iko. Jasho, shati mbili.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua imefika, na majani chai imeamka yote kwa siku moja. Leo tumempima Weldon kwa banda ya majani, kwa ile mizani ya karani, maana hospitali ni mbali. Kipchoge karani alifunga gunia kwa ndoano, Weldon akaingia ndani, miguu ikaninginia. Kilo hamsini na mbili na nusu.

Kipchoge akasema, “Mvua imenyesha. Natoa kilo mbili ya maji.”

Ndivyo anatukata kilo za majani ikiloa. Sisi wote tulicheka, hata Weldon ndani ya gunia. Kemuma hakucheka. Akasema, “Karani, soma vile imeonyesha.” Huyu mwanamke anaweza kuharibu hata harusi.

Tukingoja lori ya majani, jirani yangu Chepkosgei akaniuliza kwa sikio, “Mama Fancy, kwani bibi anampikia nini mpaka amekauka hivyo?” Nikamwambia mimi si mtu wa kusema mambo ya watu. Halafu nikamwambia.

29 Machi

Homa hakuna asubuhi, jioni iko. Jasho iko. Mvua.

Jumapili, 4 Aprili

Weldon ameacha pombe. Akionja busaa hata kikombe moja, pale kwa kivimbe kunauma sana. Mchungaji ametangaza kanisani kwamba ni kazi ya Roho. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga pia lakini naiandika hapa, daktari aamue kama ni Roho.

Homa iko. Uzito hamsini na mbili.

11 Aprili, Pasaka

Homa hakuna siku mbili! Kemuma alipika ndizi na nyama. Nilikula. Ilikuwa tamu, sikusema.

12 Aprili

Homa imerudi.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo ni mambo mingi.

Daktari Ongeri alisoma kitabu, ile kurasa za mbele, akasema naandika vizuri ila si lazima nimwandikie mpaka mchungaji. Hiyo ya pombe akasema si Roho, ni ugonjwa, hao watu wa Hojikini wengine inawafanya hivyo. Halafu akamlaza Weldon chali, akaweka vidole chini ya mbavu ya kushoto. “Vuta pumzi. Vuta kabisa. Achilia.” Akashuka kidogo, akarudia. Akamgeuza kwa ubavu, akarudia. Alikuwa kama mtu anapapasa funguo ndani ya gunia.

“Bandama naipata,” akasema. “Imeshuka vidole viwili.”

Nikauliza ni mbaya namna gani. Akachora laini na kidole chini ya kifua ya Weldon.

“Mama Fancy, juu ya hapa ugonjwa tunaujua. Uko shingoni na kifuani, picha ya eksirei imeonyesha. Kama umekaa hapo tu, anaenda Nairobi kuchomwa na mionzi. Kama umevuka hapa ukaingia tumboni, kwa bandama ama kwa matezi ya ndani, mionzi ya juu haitoshi. Hapo ni dawa ya mshipa, miezi sita. Nikikosea, nimetibu nusu ya mtu.”

“Si umepata bandama imefura? Basi umevuka.”

“Huyu amekata miwa chini ya Fort Ternan miaka tatu. Huko malaria ni nyingi, na malaria pia inafurisha bandama. Mkono wangu unajua imefura, haujui ni kwa nini.”

Kwa hivyo atapigwa picha ya tumbo na mashine, ile wanaangalia akina mama wajawazito. Haiko hapo kila siku, inaletwa na fundi wake kila alhamisi ya mwisho ya mwezi.

Sasa sikia. Akamgeukia Kemuma, Mkisii kama yeye, wakaanza kuongea Kisii. Wanaongea, wanaongea, huyu anatingisha kichwa, huyu ananyoosha kidole. Mimi nimekaa hapo kama debe tupu. Kwa njia nikamuuliza Kemuma daktari amesema nini.

“Mambo ya siku ya picha. Nitakwambia ikifika.”

Wawili wa kabila moja wanapanga tumbo ya ndugu yangu, na mimi nitaambiwa ikifika.

Homa iko. Jasho iko.

22 Aprili

Kilo hamsini na moja. Kipchoge hakufanya mzaha leo.

25 Aprili

Mvua siku tatu bila kuacha. Nimemwambia Chepkosgei yale ya Kisii pale hospitalini. Akasema yeye alijua zamani. Homa iko.

28 Aprili, jumatano

Kemuma amekuja kwangu jioni na gambuti miguuni imejaa matope, hata hakukaa. Ati kuanzia sasa Weldon asile kitu wala kunywa maziwa mpaka picha ipigwe kesho.

Nikamwambia, “Mtu wa kilo hamsini na moja?”

“Daktari ndiye amesema.”

“Mbona hakuniambia mimi?”

“Aliniambia mimi. Mimi ndiyo bibi.”

“Kwa Kisii.”

“Mama Fancy, kwani Kisii haina neno ya chakula?”

Na akaenda. Hiyo mdomo! Mama yetu hakuwahi kuacha mtu atoke nyumbani kwenda kwa jambo kubwa na tumbo tupu. Alikuwa anasimama kwa mlango na kibuyu ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, unakunywa mbele yake ndiyo unaenda. Alipokufa nikaanza mimi. Weldon alienda kutahiriwa amekunywa kwa mkono yangu, alienda Fort Ternan amekunywa kwa mkono yangu. Sasa anaenda kuangaliwa kama atapona, anyimwe?

29 Aprili

Naandika yote vile ilikuwa.

Asubuhi Kemuma alienda kukamua ng'ombe. Nikaingia kwa nyumba yao na mursik yangu nzuri, ya siku kumi, nyeusi ya mkaa vizuri, na kimyet, ugali yetu, ya jana. Weldon alikuwa amekaa kwa kitanda amevaa koti. Akaona kibuyu akacheka.

“Rodah, mtaniua wewe na huyu. Amesema nisile.”

“Yeye ni daktari?”

“Ni daktari amesema.”

“Ulisikia na masikio yako?”

Alikuwa na njaa, nilimwona akimeza mate. Akakunywa kikombe ya kwanza polepole. Ya pili na ya tatu haraka, na kimyet akamaliza. Nilifurahi mimi! Nikapanguza mdomo yake na kanga nikatoka kabla ndoo ya maziwa haijafika.

Hospitalini tuliingia sisi wote watatu. Fundi wa mashine akampaka mafuta baridi kwa tumbo, akaanza kusukuma kile kitu kama pasi ndogo. Kwa kioo kuna ukungu tu. Akasukuma kushoto, akamwambia avute pumzi, akambonyeza. Ukungu. Akaita daktari Ongeri.

“Siioni bandama vizuri, na matezi ya mgongo siyaoni kabisa. Ni upepo tupu, na tumbo imejaa. Huyu amekula?”

Kemuma akaruka, “Hajala! Kutoka jana saa kumi na mbili, nimemlinda mimi mwenyewe. Naapa mbele ya Mungu.”

Daktari akaangalia Weldon. Weldon akaangalia juu kwa dari.

Daktari akaniangalia mimi. “Mama Fancy, ni hivyo?”

Nikasema ni hivyo.

Nilisema haraka, hata sikufikiria. Kama ningekataa, ningekuwa mchafu mbele ya huyo Kemuma. Hiyo ndiyo nilifikiria. Sikufikiria bandama.

Fundi akazima mashine.

30 Aprili

Homa iko.

Jumatatu, 3 Mei

Tumeitwa. Daktari Ongeri amesema kama mtu amefunga vile tulisema na bado tumbo iko hivyo, basi ni ugonjwa unaleta huo upepo, na hata akirudia mashine itakuwa bure. Kungoja mwezi mwingine hataki, matezi ya kifua inakua. Kwa hivyo atafungua tumbo. Atatoa bandama yote, akate kipande kidogo ya ini, achukue matezi ya ndani, ipelekwe Nairobi iangaliwe. Hapo atajua kabisa imefika wapi.

Weldon akauliza, “Na bandama inarudi?”

“Hairudi. Mtu anaishi bila hiyo. Lakini lazima nikwambie ukweli: mtu bila bandama, homa ndogo inamwangusha haraka. Malaria ndiyo mbaya zaidi. Fort Ternan usahau.” Halafu akasema, “Kama angekuwa amekula, ningewaambia twende Kisumu tupige picha tena kesho. Lakini mmesema amefunga.”

Weldon aliniangalia. Mimi niliangalia viatu zangu, ilikuwa na matope.

Atalazwa jumatatu tarehe kumi. Jumanne anapasuliwa.

4 Mei

Homa iko, jasho iko, mvua ya mawe imepiga majani chai ya watu wote wa huku Mogogosiek. Chepkosgei amekuja na habari. Nilimwambia naumwa na kichwa.

Jumatano, 5 Mei

Mzee Hezekiah, ndugu yetu mkubwa, ameita watu kwake. Hakuna hata chai ilitolewa.

Alianza hivi: “Daktari ni Mkisii. Bibi ni Mkisii. Wamekaa wakakubaliana mtu wetu apasuliwe atolewe bandama kama mbuzi. Nimekataa. Kuna mzee wa dawa kule Siongiroi, nitampeleka jumamosi.”

Kemuma akasema, “Shemeji, huyo wa Siongiroi atajua vipi kama iko tumboni ama haiko?”

“Wewe ndiyo utaniuliza? Mwaka jana watu wenu walipofukuzwa hapa, tulikuficha kwa ghala ya mahindi. Ndiyo unatulipa hivi?”

“Mlinificha, ndiyo. Na hakuna siku mmeacha kunikumbusha. Mkitaka nirudi kwetu semeni, lakini huyu apasuliwe kwanza. Nitaenda akishapona.”

Hezekiah akasimama na fimbo. Weldon akasema, “Kaeni. Mimi ndiyo nina tumbo.” Sauti yake ilikuwa chini sana mpaka wote wakakaa. “Nitalazwa jumatatu. Siongiroi siendi.”

Hezekiah akanigeukia. “Rodah, wewe sema! Wewe si ndiye uliona wakipanga kwa lugha yao? Kila mtu kwa banda ya majani amesikia kutoka kwako!”

Ni kweli, kutoka kwangu. Watu wakaningoja niseme. Nikasema nimeacha maharagwe kwa moto.

Weldon alinifuata mpaka kwa ng'ombe. “Nikisema mimi, nimemfanya Kemuma muongo mbele ya daktari, na ameapa. Nikinyamaza, napasuliwa. Uliniambia nikunywe nikakunywa, wewe ndiyo mama yangu. Sasa niambie nifanye nini.”

Nikainama nikafunga kamba ya ng'ombe, na ilikuwa imefungwa. Akarudi ndani anashika ubavu.

6 Mei

Kilo hamsini. Kemuma ndiye alifunga gunia kwa ndoano mwenyewe, akashikilia miguu yake isigonge chini. Wanawake wakaninong'oneza wakingoja niseme kitu. Nikapeleka kikapu yangu kwa mizani.

Jumamosi, 8 Mei

Daktari atataka kitabu akimlaza. Nimefungua hapo kwa tarehe ishirini na tisa nikafikiria kung'oa. Lakini hizi kitabu zimeshikwa na pini katikati. Ukitoa karatasi moja, ile mwenzake ya upande ingine inaanguka, na huko ndiko kuna homa ya Machi yote na uzito wa kwanza. Nimekaa na hiyo karatasi kwa vidole mpaka chakula ikaungua.

Nikasoma nyuma. Nilikuwa natafuta mahali Kemuma alimkosea Weldon. Nimetafuta tarehe kwa tarehe. Nimepata analia, nimepata hacheki, nimepata amepika ndizi. Hakuna ingine.

Homa iko. Jasho shati tatu, na ni Kemuma anafua, na hakuna jua ya kukausha. Anazikausha juu ya moto, akishika na mkono.

10 Mei, jumatatu

Wodini. Weldon amelala, amevaa ile nguo ya hospitali inafungwa nyuma. Sista amenyoa tumbo. Daktari Ongeri akaomba kitabu, akasema ni homa anataka kuona.

Nikampa. Nikasema, “Soma yote. Usisome homa peke yake.” Mdomo yangu inasema mambo ya kila mtu, ya kwangu ilikataa kutoka.

Akasoma amesimama. Kwa mchungaji alicheka kidogo. Kwa ile ya kabila moja hakucheka. Akageuza karatasi, na hapo nikajua amefika, maana alivua miwani.

“Hii ni kweli?”

“Ni kweli.”

“Vikombe vitatu?”

“Tatu. Na kimyet.”

“Na nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

Kemuma akasema, “Ni nini? Imeandikwa nini?” Daktari akataka kufunga kitabu lakini yeye akachukua kwa mkono yake. Nilisema yeye amefika darasa la saba. Anasoma haraka. Alianza kwa karatasi ya kwanza, analowesha kidole, anageuza. Alisoma vile nilisema analia kama anapigwa picha. Alisoma Chepkosgei. Alisoma ndizi. Alisoma mursik.

Nilingoja anipige. Ningefurahi anipige.

Alifunga kitabu akaiweka kwa mapaja yangu, polepole, kama unaweka kitu kwa mtu mgeni. Akamwambia daktari, kwa Kiswahili, ndiyo wote tusikie: “Kesho hapasuliwi. Tunaenda Kisumu. Nitamlinda, na huyu asitukaribie.”

Daktari akasema sawa. Halafu akanisogelea. “Mama, nilikuwa nioshe mikono kesho asubuhi nitoe bandama ya mtu kwa sababu ya maziwa.” Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Weldon akasema, “Nilikunywa mimi pia, daktari. Mdomo ilikuwa yangu.”

11 Mei

Sikuenda Kisumu. Nimemwambia Hezekiah. Akanifukuza na fimbo mpaka kwa barabara, halafu akakaa chini akalia. Yeye pia alikuwa tayari amemlipa yule wa Siongiroi kuku mbili.

13 Mei

Wamerudi. Mashine ya Kisumu imeona vizuri, tumbo ilikuwa tupu kabisa. Kwa bandama kuna madoa manne, kwa mgongo kuna matezi mawili makubwa. Ini ni safi. Si malaria. Ugonjwa umevuka.

Weldon ndiye aliniambia, amesimama nje ya boma yangu. Daktari amesema sasa haina haja ya kufungua, kwa sababu kile alitaka kujua amejua, na dawa ni ile ya mshipa. “Ningepasuliwa bure,” akasema. Halafu, “Nilitaka sana iwe malaria, Rodah.”

Nilimkaribisha chai. Akasema Kemuma anamngoja.

17 Mei

Ameanza dawa. Ametapika mpaka jioni.

18 Mei

Ametapika. Homa iko.

24 Mei

Nimepeleka unga kwao. Kemuma alikuwa anapepeta maharagwe kwa mlango. Nikamsalimia, “Chamge, Mama Moureen.” Moureen ni mtoto wao, na mimi sijawahi kumwita Kemuma hivyo, miaka sita. Hakuinua kichwa. Niliacha unga kwa jiwe. Jioni nikapata unga imerudishwa kwa mlango yangu, imefunikwa vizuri mvua isiingie.

27 Mei

Jasho hakuna. Naambiwa na Weldon kwa uzio, ndiyo naandika.

3 Juni

Kwa banda ya majani nimesema yote mbele ya watu, na Kipchoge karani akiwa hapo. Mursik, na kudanganya, na ile ya Kisii kwamba ilikuwa ni maneno ya chakula tu. Chepkosgei akasema, “Mama Fancy, hiyo ungenyamaza, nani angejua?” Sasa hawaongei na mimi wakingoja lori. Wanaongea juu yangu. Najua vile wanafanya, ni mimi nimewafundisha.

14 Juni

Dawa mara ya pili. Nywele imeanguka. Kwa shingo yai imebaki kama harage.

20 Juni

Homa hakuna wiki mbili. Kilo hamsini na mbili. Kemuma bado. Tulikutana kwa mto, njia ni ya mtu mmoja. Alisimama kwa majani na mtungi mpaka nikapita.

1 Julai

Baridi sana. Ukungu mpaka saa tano. Kilo hamsini na tatu na nusu.

Jumatatu, 12 Julai

Leo ilikuwa dawa ya tatu, na daktari alitaka kumpima kwanza. Weldon aliniomba nibebe kitabu. Nilienda nyuma yao, mbali kidogo, na ndani ya chumba sikuingia, nilisimama kwa mlango.

Daktari Ongeri akamlaza chali. Vidole chini ya mbavu ya kushoto. “Vuta pumzi. Vuta kabisa. Achilia.” Akarudia. Akamgeuza kwa ubavu. Akafunga macho, akarudia. Nilikuwa nahesabu, mara sita.

“Siipati,” akasema.

Kemuma akauliza, “Hupati nini?”

“Bandama. Imerudi juu ya mbavu. Msishangilie, dawa bado ni miezi, na picha tutapiga tena. Lakini kwa mkono wangu, siipati.”

Kemuma alisogea karibu na kitanda, akainama aone hiyo tumbo na macho yake. Akageuza kichwa.

“Mama Fancy, toka hapo kwa mlango, unaziba mwanga!”

Nilitoka mbio. Wiki tisa sijasikia jina yangu kwa mdomo yake. Nilisimama nje kwa mvua, kitabu ndani ya nguo isiloe, na kwa dirisha nilimsikia akimwambia daktari ajaribu tena, na ule mkono mwingine.